Kurasa Kumi na Moja Chini ya Mengineyo

Kadi yenyewe ndogo tu, haizidi kiberiti. Ipo ndani ya kabati la kioo pale makumbusho ya mji, mbele ya jiwe jeusi lenye ukubwa wa kiazi, na imeandikwa hivi: "Kimondo cha Nørhede. Kilianguka tarehe 2 Aprili. Aliyekipata: Villy Norup, mwenyekiti wa Klabu ya Anga ya Nørhede."

Hiyo kadi nimeisoma labda mara arobaini. Kila Alhamisi nikitoka kazini, kabla sijapanda baiskeli kurudi nyumbani, napita pale naisoma tena, halafu naondoka na hasira mpya kabisa, kama mtu aliyejaza mafuta. Maana Villy Norup hakukipata. Villy Norup alikiokota. Ni vitu viwili tofauti, na nitakueleza.

Kwetu Denmark jiwe likianguka kutoka angani ni mali ya taifa. Hata likikuangukia kichwani, si lako. Unalipeleka, wanakushukuru, wanakupa zawadi kidogo, basi. Kinachobaki ni jina lako kwenye kadi. Kwa hiyo ukiniibia jina umeniibia kila kitu, hakuna kingine cha kuiba.

Ilikuwa mwaka jana, mimi bado niko shule, imebaki miezi miwili nimalize. Saa kumi na dakika arobaini na kitu jioni, jua bado kali, nasikia mlio kama mtu amefunga mlango wa gari wa mbinguni. Madirisha yakatetemeka. Wenzangu wa klabu walitoka nje kuangalia juu, wakaona moshi mwembamba, wakapiga picha, wakarudi ndani. Mimi sikwenda kuangalia juu. Mimi nilienda kugonga milango.

Sikiliza, hii hata wewe unaweza kuifanya. Siku hizi kila nyumba ya pili ina kamera kwenye kengele ya mlangoni. Watu wananunua ili waone nani kawaletea mzigo, hawajui wameweka jicho linalotazama anga saa ishirini na nne. Nilizunguka kijiji kizima na vijiji viwili vya jirani, nikapata video tatu zenye kimondo. Moja inakionyesha kinapita nyuma ya bomba la moshi la jirani. Nyingine kinapotelea kwenye pembe ya ghala. Ya tatu ilikuwa ya Jytte, yule msusi, ambapo kinapita juu kidogo ya mlingoti wa bendera.

Sasa unachofanya, unasimama palepale ilipo kamera, unashika simu yenye dira, unapima: bomba la moshi liko upande gani, na kwa urefu gani kutoka usawa wa macho. Unachora mstari kwenye ramani. Unaenda nyumba ya pili, mstari mwingine. Ya tatu, mwingine. Mistari ikikutana, hapo juu ndipo moto ulipozimika. Halafu unahesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, maana hizo kamera zinarekodi na sauti. Sauti inakula kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Nilipata sekunde tisini, kwa hiyo kilomita thelathini. Baada ya hapo jiwe linadondoka gizagiza, haliwaki tena, upepo unalisukuma, kwa hiyo unatafuta takwimu za upepo wa juu za siku hiyo. Zipo bure mtandaoni, hakuna anayezisoma.

Siku nne sikulala vizuri. Nikaandika kila kitu, kurasa kumi na moja, na ukurasa wa mwisho una ramani yenye kiduara chekundu juu ya shamba la beti za sukari la mzee Aage. Ijumaa kabla ya chakula cha jioni nikaiweka kwenye folda ya pamoja ya klabu, kama mwanachama mwema. Nikajisemea, kesho asubuhi nampigia Aage kuomba ruhusa, maana shamba la mtu huingii tu kama ng'ombe.

Saa mbili asubuhi nikapiga.

"Ruhusa gani tena?" Aage akasema. "Mwenyekiti wenu yupo humo tangu jogoo hajawika. Nilidhani umemtuma wewe."

Nilikanyaga baiskeli mpaka mapafu yakawaka. Nilipofika, Villy alikuwa amesimama katikati ya shamba na koti lake la kijani, mpiga picha wa gazeti mbele yake. Jiwe mkononi, mkono mtupu, hata glavu hana. Na mkono mwingine, naomba ukae chini, mkono mwingine ulikuwa na sumaku. Ile kubwa, ya kuokotea misumari. Anaigusisha kwenye jiwe, inanasa, anaibandua, anaigusisha tena, ili mpiga picha apate vizuri.

"Eskild!" akaniita. "Njoo dogo, njoo uone! Nimepiga hesabu zangu usiku kucha!"

Hesabu zake. Villy Norup, ambaye tukienda kula mgahawani anaomba mtu mwingine agawanye bili.

Kuhusu sumaku. Mawe haya yana kumbukumbu. Ndani yake kuna chembe za chuma zilizojipanga kufuata nguvu ya sumaku iliyokuwepo jua letu lilipokuwa changa, miaka bilioni nne na nusu iliyopita. Wataalamu wanaweza kuisoma. Lakini ukigusisha sumaku kali, zile chembe zinajipanga upya kufuata sumaku yako ya misumari, na basi, umefuta. Niliandika hivyo ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, herufi kubwa: USIGUSE KWA SUMAKU. Ila Villy alikuwa mtu wa ukurasa wa mwisho.

Mnamo Septemba maabara ya Copenhagen ikajibu: jiwe zuri, adimu, bahati mbaya kumbukumbu yake ya sumaku imeharibiwa baada ya kuanguka. Hawakusema na nani. Villy kwenye safu yake ya gazeti, ile anamowapa watu mbinu za simu na habari za sayari, aliandika kwamba labda ni nyaya za umeme.

Nilikwenda makumbusho. Yule mama wa pale alinisikiliza vizuri, akanipa na kahawa.

"Nakuelewa, lakini sisi hatuamui magomvi ya klabu," akasema. "Niletee barua iliyosainiwa na mwenyekiti wenu, kadi nabadilisha siku hiyohiyo."

"Mwenyekiti ndiye mwizi."

"Basi mbadilisheni mwenyekiti."

Nikaona, sawa. Mkutano mkuu wa mwaka ni Machi. Nitasubiri. Nilimaliza shule, nikavaa ile kofia nyeupe ya wahitimu, nikapata kazi ya kufungua mashine ya kurudishia chupa tupu pale dukani, kila ikikwama na bia iliyomwagika wananiita mimi. Na miezi yote hiyo nilikuwa mpole klabuni hadi watu wakanisifu. Villy akiingia namwekea kahawa. Villy akisema "kimondo changu," naitikia kwa kichwa. Nilikuwa namnenepesha.

Ushahidi nilishaupata siku nyingi. Folda ya pamoja inatunza historia: nani kafungua nini, lini. Bonyeza pembeni, inakuja orodha. Yangu ilisema: Villy Norup, Jumamosi, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri. Nikaipiga picha, nikaichapisha nakala thelathini.

Mama yangu, ambaye ni mjumbe wa kamati tatu na anazijua katiba za vyama kuliko sala, alinionya wiki tatu kabla.

"Mwanangu, kama unataka wapige kura, tuma pendekezo kwa maandishi. Siku kumi na nne kabla. Bila hivyo hamna kitu."

"Nikituma atajiandaa."

"Ndiyo maana ya siku kumi na nne."

"Mama, mimi sitaki ajiandae. Nataka nimwone uso."

Akanitazama, akaendelea kuosha viazi. "Haya. Uso utauona."

Jumapili, saa nane mchana, ukumbi wa kijiji. Watu ishirini na sita. Mikutano yetu iko hivi: ajenda ukutani, msimamizi anachaguliwa kwanza, na msimamizi ni Bodil Krogh siku zote, mama mmoja aliyestaafu ukarani wa manispaa, ana miwani ya kamba na katiba ya klabu ameipakia plastiki. Keki ya tabaka tatu ipo mezani imefunikwa, na haikatwi mpaka mwenyekiti amefunga mkutano kwa kushukuru. Kuondoka kabla ya hapo hakuna mtu anayethubutu. Ungetembea kijijini miaka kumi unanyooshewa kidole.

Taarifa ya mwenyekiti: dakika arobaini, kimondo kimetajwa mara kumi na tisa, nilihesabu. Mahesabu ya mhazini. Ada. Uchaguzi wa mwenyekiti: Villy peke yake, makofi, kachaguliwa tena miaka miwili. Na mimi nikapiga makofi! Kwa nguvu! Nilitaka apande juu kabisa ndipo nivute ngazi.

Kipengele cha nane: Mengineyo.

Nikasimama. Nikagawa nakala zangu. Nikaeleza yote, kamera, shamba, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Nilifika mwisho. Nikasema: "Kwa hiyo naomba mkutano upige kura, klabu iandike barua makumbusho, jina kwenye kadi libadilishwe."

Villy akavua miwani, akaifuta.

"Mimi ni mwenyekiti, nafungua mafaili yote ya folda, ni kazi yangu," akasema taratibu. "Nilifungua, nikaona marefu, nikafunga. Hesabu nilifanya mwenyewe. Kijana ana uchungu, namwelewa. Na mimi niliwahi kuwa na miaka kumi na tisa."

Watu wakacheka kidogo. Kile kicheko cha kukupapasa kichwa.

"Kura," nikasema. "Bodil, pigisha kura."

Bodil akainua plastiki yake. "Chini ya Mengineyo lolote linaweza kusemwa, na hakuna linaloweza kuamuliwa. Kifungu cha tisa."

"Lakini ni ukweli!"

"Inawezekana. Ungeleta siku kumi na nne kabla, Eskild."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwaka mzima! Mwaka mzima nammiminia yule mtu kahawa, halafu nimekuja kumshtaki kwenye sehemu pekee ya mkutano isiyoweza kufanya chochote. Nikamtafuta mama kwa macho, yuko nyuma anaangalia dirishani. Villy alishaanza kujiinua, mikono kwenye meza, anatabasamu, tayari kushukuru na kufunga. Angefunga, keki ingekatwa, na mimi ningesubiri Machi nyingine.

"Bodil," nikasema. "Lolote linaweza kusemwa?"

"Lolote."

"Kuna kikomo cha muda?"

Akasoma. Akageuza plastiki upande wa pili, akasoma tena. "Hakuna."

"Mkutano unaweza kupiga kura ninyamaze?"

Akavuta miwani. Nakuapia niliona kitu kama furaha ndogo kwenye ule uso wa kikarani. "Hapana. Hiyo ingekuwa kuamua. Na hatuamui chini ya Mengineyo."

"Basi Villy, kaa," nikasema. "Unasema uliona marefu ukafunga. Ngoja nikusomee."

Nikatoa kurasa zangu kumi na moja.

"Bodil, jamani, hii haiwezekani!" Villy akasema.

"Zamu ya kusema ni ya kijana," Bodil akasema. "Mwenyekiti akae."

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza, sumaku na yote. Sikuruka hata nukta. Wa pili, jinsi ya kuomba video bila kumtisha mwenye nyumba. Kila nikimaliza ukurasa nauliza: "Villy, wewe hii ulifanyaje?" na yeye anajibu, mwanzoni kwa dharau.

"Nilipima pembe, kama wewe."

"Kwa kifaa gani?"

"Dira."

"Ya simu au ya mkono?"

"Ya... ya mkono."

"Umesimama wapi?"

"Mlangoni kwa watu, Eskild, nitakumbuka kila mlango?"

"Mitatu tu. Nasubiri."

Akajimiminia kahawa. Nikafungua ukurasa wa tatu. Dakika ishirini zikapita. Kahawa ikapoa. Mtu mmoja akaguna, "Jamani, keki," mwenzake akamwambia nyamaza, mimi nataka kusikia hii ya upepo. Wakaanza kuuliza maswali. Mzee mmoja alitaka kujua kama kamera yake inayotazama kaskazini ingefaa. Nikamjibu vizuri, kwa utaratibu, huku namtazama Villy. Jasho lilikuwa limeanza juu ya mdomo wake. Sikuwahi kufurahia jasho la mtu namna ile. Nilipunguza mwendo. Nilikunywa maji nusu glasi, taratibu.

Ukurasa wa sita ulikuwa wa Jytte.

"Kamera ya tatu," nikasoma, "ilionyesha saa tisa na dakika arobaini na mbili, wakati zile mbili zinaonyesha saa kumi na dakika arobaini na mbili. Nilitaka kuitupa, nikidhani ni kitu kingine. Ndipo nikaangalia kivuli cha mlingoti wa bendera. Kivuli cha saa tisa kingekuwa kifupi zaidi na kingeelekea kwingine. Kamera ilikuwa bado kwenye saa za majira ya baridi, haijasogezwa mbele. Bila video hii mistari miwili peke yake inakosea kwa kilomita nne na kuangukia ziwani." Nikaweka karatasi chini. "Villy, saa ya kamera ya tatu ulisahihishaje?"

"Nilisogeza. Saa moja."

"Kwenye video ya nani?"

"Ya Jytte, si umesema mwenyewe."

Kutoka safu ya pili kiti kikalia kriii. Jytte kasimama, mikono kiunoni, bado ana vipande vya nywele za wateja kwenye sweta.

"Villy Norup," akasema, "kwangu hujawahi kugonga. Hata kunyoa unanyolea mjini kwa sababu eti mimi ghali. Ile video nilimpa huyu mtoto kwenye simu yake, halafu nikaifuta palepale, kwa sababu ilikuwa inanionyesha na gauni la kulalia saa kumi jioni. Sasa wewe umeiona wapi?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Huo ndio uso niliokuwa nautaka, na ulikuwa mzuri kuliko nilivyoupanga. Ulikwenda mweupe, halafu mwekundu, halafu ukawa wa mzee tu.

"Kurasa zimebaki tano," nikasema. "Niendelee?"

"Basi!" Villy akapiga meza. "Niliisoma! Sawa? Nilisoma ramani, nikaenda. Umefurahi? Miaka thelathini na moja naongoza klabu hii, sijawahi kupata hata kijiwe. Hata kimoja! Wewe una mwaka mmoja na nusu."

Kuna mtu alikohoa. Nitakuwa mkweli, nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.

"Bodil," nikasema, "hilo linaandikwa kwenye muhtasari?"

"Kusema si kuamua," Bodil akasema, kalamu tayari inakimbia. "Kilichosemwa kinaandikwa."

"Na barua ya makumbusho. Inahitaji kura?"

"Mwenyekiti anaweza kuandika barua wakati wowote. Ni mamlaka yake." Akamtazama Villy juu ya miwani. "Na mwenyekiti tunaye. Tumemchagua saa moja iliyopita."

Basi yale makofi yangu ya kijinga yakawa na kazi. Nikamwekea Villy karatasi mbele yake, na kalamu. Akatazama huku na huku. Hakuna aliyemtetea, hata mhazini anayewinda naye bata. Akaandika tarehe.

"Mahali kilipoanguka kimondo palikokotolewa na Eskild Tarp," nikasema, "na kiliokotwa na Villy Norup kwa kutumia hesabu za Eskild bila ruhusa. Andika."

Akaandika.

"Sentensi ya pili. Kumbukumbu ya sumaku iliyokuwa ndani ya jiwe—"

Akainua kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Na hilo? Dogo, jina si umepata. Watoto wa shule wanakwenda pale. Mjukuu wangu yuko darasa la tatu."

"Eskild," Jytte akasema kwa sauti ya chini, "imetosha, baba."

Mama kule nyuma hakuwa akiangalia dirishani tena. Aliniangalia mimi. Wote waliniangalia mimi. Ningeweza kusema basi. Karatasi ilikuwa na jina langu, kadi ingebadilishwa wiki hiyohiyo, hiyo ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo. Lakini nilimkumbuka pale shambani anaigusisha ile sumaku, anaibandua, anaigusisha tena, anacheka na kamera. Miaka bilioni nne na nusu.

"Iliyokuwa ndani ya jiwe," nikasema, "ilifutwa na Villy Norup kwa sumaku ya kuokotea misumari, ingawa alikuwa ameonywa kwa maandishi. Nukta. Andika."

Akaandika. Akasaini, akanisukumia karatasi bila kunitazama. Niliichukua, nikaisoma kwa makini hadi mwisho. Neno sumaku halikusomeka vizuri.

Nikampa karatasi nyingine safi, nikamwambia aandike upya.